Somo la Afya: Macho ya Manjano na Mahindi Yenye Kuvu

Anayejiandaa kwa mtihani wa udaktari hulirudia swali kama hili. Nawe mkazi, lijue jibu lake.

Swali: Watu watatu wa boma moja wana macho ya manjano, wanatapika, tumbo linawauma na miguu imevimba. Vipimo havionyeshi virusi vya homa ya ini. Utawauliza nini?

Jibu: Wamekula mahindi gani.

Mwaka 2004 watu 317 waliugua hivyo, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mahindi yaliwekwa na unyevu, yakaota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini. Kupika hakuiondoi sumu hii.

Kumbuka:

1. Anika mahindi juu ya turubai, si mchangani, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5.
2. Yaliyoota kuvu usile, usiuze, wala usiwape mifugo na kuku.
3. Ukiona macho ya manjano, fika kituo cha afya mapema na ueleze mlichokula nyumbani. Kama yamebaki mahindi hayo, beba kidogo yakapimwe.