Kiungulia: Kinachotulizwa Bwenini na Kinachohitaji Daktari

SOMO LA KUMI NA MOJA: UFAHAMU NA UFUPISHO

Habari ya somo hili ni ndefu kuliko zile utakazokutana nazo katika chumba cha mtihani. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake mna sababu, dalili na ushauri, na hayo ndiyo mambo matatu ambayo watahiniwa wengi huyachanganya wanapofupisha. Pili, inakuhusu wewe na watu wa nyumbani kwako. Isome mara mbili: mara ya kwanza ili uelewe, mara ya pili ukiwa na penseli, ukipigia mstari wazo kuu la kila aya. Ndipo ujibu maswali.

HABARI

Mwezi wa Novemba huleta mambo mawili Tabora: mtihani wa kidato cha nne na maembe. Miembe ni alama mojawapo ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuendelea hadi Ujiji, na mpaka leo mji umejaa vivuli vyake. Wakati wa mapumziko embe bichi hukatwa, hutiwa chumvi na pilipili, likaliwa. Jioni kuna ugali na maharage, kisha prepo, kisha kikombe cha chai ya rangi ili usisinzie. Saa tano usiku unajitupa kitandani. Saa sita unaamka, kifua kinawaka, na kooni pana maji makali yenye uchachu. Asubuhi unamwambia mwenzako, "Nina vidonda vya tumbo." Naye anakupa kidonge alichobakiza. Huenda nyote wawili mmekosea.

Kiungulia ni nini?

Chakula kikimezwa hupita katika umio, mrija wenye urefu wa kama sentimeta 25 unaounganisha koo na tumbo. Mwisho wa umio pana msuli wa mviringo. Msuli huu hufunguka kupitisha chakula, kisha hujifunga. Ndani ya tumbo mna asidi kali inayosaidia kumeng'enya protini na kuua vijidudu. Tumbo lina ute mzito unaolilinda dhidi ya asidi hiyo, lakini umio hauna kinga kama hiyo. Msuli ukilegea, asidi hupanda na kuunguza ngozi laini ya umio. Huo mwako ndio kiungulia. Njia ya misafara ilikuwa ya kwenda na kurudi. Umio ni njia ya kwenda tu.

Wengi husema "nyongo imepanda." Mara nyingi si nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini na huingia katika utumbo mwembamba, yaani baada ya tumbo. Kinachopanda usiku kwa kawaida ni asidi ya tumbo.

Kinachochochea kiungulia

Jambo la kwanza ni kula hadi kuvimbiwa na kulala papo hapo. Ukilala chali, asidi haina mlima wa kupanda. Jambo la pili ni aina ya chakula na kinywaji: mafuta mengi, pilipili, vitu vichachu kama embe bichi, ndimu na nyanya, na vinywaji kama chai, kahawa na soda. Si kila mtu huchochewa na kitu kilekile, hivyo chunguza chako. Jambo la tatu ni sigara na pombe. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na moshi wake hulegeza ule msuli wa mviringo. Unene uliozidi, ujauzito na nguo zinazobana kiuno navyo hulisukuma tumbo kutoka nje au ndani, asidi ikapanda.

Si kila mwako ni vidonda vya tumbo

Vidonda vya tumbo ni michubuko katika ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba. Maumivu yake huwa juu ya kitovu, chini ya mbavu. Kiungulia huwaka nyuma ya mfupa wa kifua na huzidi ukiinama au ukilala. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba vidonda huletwa na mawazo. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa ovyo. Kwa hiyo anayejiita mgonjwa wa vidonda bila kupimwa hujinyima maharage bure, na kama kweli anavyo, hukosa dawa ya kuua bakteria hao.

Unachoweza kufanya mwenyewe

Kiungulia cha mara mojamoja hakikuhitaji kukutisha. Punguza chakula cha usiku badala ya kujaza sahani. Pitisha saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Muda huo ni wa prepo, basi utumie. Lala kwa ubavu wa kushoto. Inua kifua chote kwa blanketi lililokunjwa chini ya godoro, maana mto peke yake huinua kichwa tu na kulikunja tumbo. Usiweke matofali chini ya miguu ya kitanda cha ghorofa, kinaweza kuanguka. Legeza mkanda. Acha embe la pilipili kwa wiki mbili uone tofauti.

Vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi husaidia kwa muda mfupi. Omeprazo hupunguza utengenezaji wa asidi, lakini usiitumie zaidi ya wiki mbili bila ushauri wa mtaalamu. Maziwa hutuliza kwa dakika chache, kisha tumbo likatoa asidi nyingine. Usilambe magadi kila siku, kwani yana chumvichumvi nyingi isiyofaa mwilini.

Lini uende hospitali?

Nenda mapema, ndani ya siku chache, ukiona mojawapo ya haya: kiungulia kinakujia mara mbili au zaidi kwa wiki na kimeendelea kwa wiki kadhaa, chakula kinakwama au kumeza kunauma, unapungua uzito bila sababu, unatapika mara kwa mara, au una weupe wa viganja na uchovu unaoashiria upungufu wa damu.

Nenda mara moja, hata kama ni usiku, ukiona haya: unatapika damu au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, choo kikubwa ni cheusi kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida, au maumivu ya kifua yanasambaa hadi mkono, shingo au taya, pamoja na jasho na pumzi kubana. Dalili hii ya mwisho yaweza kuwa ya moyo, hasa kwa mtu mzima, na wengi wamechelewa kwa kudhani ni gesi. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, basi mwambie daktari kama unavimeza.

Chukulia mtahiniwa wa bweni anayeumwa kichwa kila jioni. Ananunua diklofenaki na kuimeza kabla hajala. Baada ya wiki mbili tumbo linauma. Anaongeza dawa ya kupunguza asidi. Kisha choo kinakuwa cheusi. Anaona aibu kumwambia matroni, tena mtihani umebaki siku tisa. Anajiambia, "Nikimaliza karatasi ya mwisho nitakwenda." Anayevuja damu tumboni hana siku tisa za kusubiri. Kumwamsha mwalimu wa zamu usiku kwa jambo hili si usumbufu.

Zamani kusubiri hakukuwa hiari. Mwaka 1872 David Livingstone, aliyesomea udaktari, alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi. Alikuwa amekwisha dhoofu kwa maradhi. Alipopata watu aliondoka mwezi Agosti kuelekea kusini. Katika wiki zake za mwisho aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa akitokwa na damu nyingi na nguvu zimemwishia. Ugonjwa wake haukuwa kiungulia, ulikuwa wa utumbo, na alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alizijua dalili, lakini hapakuwa na hospitali njiani. Wewe unayo: Kitete ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Nkinga iko wilayani Igunga, na kabla ya hizo kuna zahanati na kituo cha afya. Daktari akihitaji kuona ndani ya umio, mgonjwa hupelekwa panapofanyika kipimo cha kamera.

Mwisho, peleka ujumbe huu nyumbani. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana Afrika Mashariki, na dalili yake kubwa ni chakula kukwama: kwanza ugali, baadaye hata uji. Ni nadra kwa kijana wa umri wako, lakini babu anayesema "siku hizi nyama hainipiti" hahitaji dawa ya kiungulia. Anahitaji kupimwa wiki hii. Mpozeshee na chai yake, kwa kuwa mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi joto 65 huenda vikasababisha saratani hiyo.

MASWALI

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) umio (b) uchachu (c) ovyo.
2. Kwa nini asidi huunguza umio lakini kwa kawaida haiunguzi tumbo?
3. Taja tofauti mbili kati ya kiungulia na vidonda vya tumbo.
4. Mtahiniwa aliyenunua diklofenaki alifanya makosa gani matatu?
5. Mwandishi amemtaja Livingstone ili kufundisha nini?
6. Andika methali moja inayofaa kwa mtu anayeahirisha kwenda hospitali, na ueleze kwa nini inafaa.
7. Fupisha aya mbili za kwanza za sehemu ya "Lini uende hospitali?" kwa maneno yasiyozidi 50.

MWONGOZO WA MAJIBU

1. (a) Mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. (b) Ladha kali kama ya ndimu au embe bichi. (c) Bila utaratibu wala ushauri.
2. Tumbo lina ute mzito unaolilinda. Umio hauna kinga kama hiyo.
3. Mahali pa maumivu: kiungulia huwaka nyuma ya mfupa wa kifua, vidonda huuma juu ya kitovu. Chanzo: kiungulia hutokana na asidi kupanda, vidonda vingi hutokana na bakteria au dawa za maumivu.
4. Alimeza dawa ya maumivu kwa muda mrefu bila ushauri na kabla ya kula; alificha dalili ya hatari; aliahirisha matibabu. Ukiandika tu "aliogopa," hujajibu, kwa sababu hofu ni sababu ya kosa, si kosa lenyewe.
5. Kujua dalili hakutoshi bila kupata matibabu. Yeye hakuwa na hospitali njiani. Msomaji anayo, hivyo hana sababu ya kusubiri.
6. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Inafaa kwa sababu tatizo dogo lisilotibiwa mapema hugharimu zaidi baadaye, pengine uhai.
7. Mfano: Nenda hospitali mapema kama chakula kinakwama, unapungua uzito bila sababu, unatapika mara kwa mara, au kiungulia hakiishi. Nenda mara moja, hata usiku, kama unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au maumivu ya kifua yanasambaa mkononi na tayani pamoja na jasho na pumzi kubana.

Hesabu maneno ya mfano huo: ni 44. Ona kwamba haukutaja sababu za kiungulia wala dawa, kwa kuwa swali halikuziuliza. Ona pia kwamba umetenganisha "mapema" na "mara moja." Anayeyachanganya maneno hayo hupoteza alama katika mtihani. Nje ya mtihani, huweza kupoteza mtu.