Maumivu ya Nyonga Yasiyokwisha: Twende Tukapige Picha



Sisi wakulima wa Ufipa tunalijua jembe. Tukilima matuta kutwa nzima, kiuno na nyonga huuma. Tukipumzika, maumivu hupungua. Hayo ni ya uchovu.

Lakini yapo maumivu mengine. Hayaishi kwa kupumzika, na usiku huzidi. Baada ya majuma kadhaa mtu huanza kuchechemea. Pengine ana uvimbe ndani ya mfupa. Nyonga imefunikwa na nyama nene, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua tusiuone wala kuushika. Kuchua na kuchanja hakutatuonyesha kilichomo ndani. Twende hospitali tukapigwe picha ya eksirei. Mama mjamzito amwambie mpiga picha kwanza.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895. Hupenya nyama kwa urahisi, lakini mfupa huizuia. Ndiyo maana katika picha mfupa huwa mweupe. Daktari hutafuta mahali mfupa ulipoharibika. Tundu lenye ukingo safi mara nyingi si saratani. Mfupa ulioliwa ovyo, kama punje ya mahindi iliyobunguliwa, hutia wasiwasi. Huenda ni saratani, huenda ni kifua kikuu cha mfupa.

Tukumbuke jambo moja. Picha ya kwanza inaweza kuwa safi, kumbe ugonjwa upo. Mfupa huliwa sana kwanza, ndipo tundu lionekane. Basi maumivu yakiendelea, turudi. Tusiseme, "Picha haikuona kitu, basi nimerogwa."

Daktari wa Sumbawanga akiwa na shaka, huandika barua ya rufaa kwenda Mbeya au Dar es Salaam. Mashine ya CT huonyesha mfupa kama mkate uliokatwa vipande. Mashine ya MRI huonyesha uboho na nyama. Mwisho, kinyama kidogo cha uvimbe huchukuliwa kikapimwe maabara. Picha hutuonyesha mahali penye ugonjwa. Kinyama hutuambia jina lake, na dawa hufuata jina.

Picha zetu tuzitunze, tusizikunje. Tukienda hospitali nyingine, twende nazo.

Maswali ya kuzungumza na wenzetu:
1. Maumivu ya uchovu na ya uvimbe yanatofautianaje?
2. Kwa nini turudi hospitali hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi?
3. Kinyama kinapimwa ili kujua nini?