Mwalimu Ajitazame Katika Mchezo wa Mtoto

Jioni, baina ya majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki katika miaka ya 1960, watoto hucheza mchezo wa skuli. Mmoja hushika uchelewa akawa mwalimu. Waliobaki hukaa chini wakawa wanafunzi. (Chelewa, tukumbuke, ni za kufagilia.) Mwanachuo mmoja tuliyemsimamia katika mazoezi ya kufundisha alisimama kuwatazama. "Mwalimu" akagonga ukuta, akakunja uso, akasema, "Mimi sirudii!" Wenziwe wakaangua kicheko. Maneno yale na sauti ile vilikuwa vya mwanachuo mwenyewe. Akawatawanya, akampokonya mtoto uchelewa wake, na siku ya pili darasani hakumwuliza swali hata moja.

Alipotusimulia alidai kwamba alikuwa akifunza adabu. Tukamwuliza ni adabu gani iliyovunjwa pale. Alinyamaza kitambo, kisha akakiri kwamba alikuwa ameona haya.

Virginia Axline, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1947 juu ya tiba kwa njia ya michezo. Alishika kwamba mtoto apokewe kama alivyo, hisia zake zitambuliwe, asiharakishwe, na mipaka iwekwe ile tu iliyo lazima. Masharti haya huonekana mepesi mpaka mtoto aigize jambo linalotugusa sisi. Aliyelelewa kwa kukatazwa kujichafua hatavumilia mapishi ya mchanga katika vifuu. Aliyefiwa utotoni huenda akaukatiza upesi mchezo wa maziko, naye akadhani anamhurumia mtoto. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mtoto huyu ana nini, inatupasa tuulize sisi tuna nini.

Njia tunayoipendekeza ni daftari dogo. Kila siku mwanachuo atazame mchezo kwa dakika 10, kisha aandike mtoto alifanya nini, yeye mwenyewe alihisi nini, na alitenda nini. Asiandike "mtoto mkorofi", kwani hiyo ni hukumu, si tendo. Aandike: "Alimpiga mdoli mara nne, moyo ulinienda mbio, nikamwita aje kufuta ubao." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, maana ubao ule ulikuwa safi. Baada ya wiki mbili amsomee mwenzake anayemwamini, bila ya kutaja jina la mtoto. Wengi huchoka siku ya tatu. Tusiwalaumu, bali waanze tena.

Hata hivyo mwalimu si tabibu. Mchezo mmoja hauthibitishi kitu, na mtoto asihojiwe mbele ya wenziwe. Dalili ya madhara ikijirudia, au mtoto akisema wazi kwamba anaumizwa, habari ifikishwe mara moja kwa mwalimu mkuu na kwa wahusika wa ustawi wa jamii.

Mwanachuo wetu alirudi Kikwajuni wiki iliyofuata, akaurejesha uchelewa na kuomba kucheza. Alipewa nafasi ya mwanafunzi, akakaa juu ya saruji pamoja na wengine. Akaulizwa tebo ya saba, akakwama kwenye saba mara nane. Mwalimu wake alimtazama kwa muda, kisha akamrudia mara tatu.