PROJEKTA: SEHEMU MOJA, KAZI TATU
Somo la kusoma na kujadili katika kikundi



Vikundi vyetu vimependa kufundishana kwa picha: lishe ya watoto, mbolea ya mboji, ufugaji wa kuku. Vingine vimerithi projekta ya zamani ya parokia, kubwa kama sanduku la nguo. Vingine vinachanga pesa ili vinunue ile ndogo inayoingia ndani ya kiondo. Maswali yanayotufikia ni mawili. Imekuwaje chombo kile kikapungua hivyo? Na je, pesa za wanachama ziende kwa ipi? Tukilielewa swali la kwanza, la pili halitatusumbua sana. Usione vyaelea, vimeundwa.

1. KAZI ZA MWANGA

Mwaka 1659 Mholanzi aitwaye Christiaan Huygens alichora picha za kuonyeshwa ukutani kwa taa. Tangu hapo kazi za msingi hazijabadilika:

(a) Taa hutoa mwanga.
(b) Kioo kilichopinda kama bakuli hukaa nyuma ya taa na kurudisha mbele mwanga uliokuwa unapotea nyuma.
(c) Lenzi ya kukusanya huueneza mwanga sawasawa juu ya picha yote na kuuelekeza kwenye lenzi ya mbele. Bila hiyo, picha hung'aa katikati na kuwa na giza pembeni.
(d) Picha yenyewe: slaidi, karatasi ya plastiki, au kidirisha cha LCD.
(e) Lenzi ya mbele huikuza picha na kuituma ukutani.

Zilipokuja balbu kali za stima, kazi moja iliongezeka: kuzuia joto lisichome slaidi. Basi pakawekwa kioo cha kuzuia joto, pamoja na feni. Kila kazi ilikuwa na kipande chake na nafasi yake. Ndiyo maana chombo kilikuwa kirefu na kizito.

2. JINSI KAZI ZILIVYOUNGANISHWA

Hatua ya kwanza ilitoka baharini. Mfaransa Augustin Fresnel aligundua kwamba lenzi nene hupindisha mwanga kwenye uso wake tu, na kioo cha katikati ni mzigo wa bure. Akaukata uso huo kwa miduara midogo kama matuta ya shamba la mteremko, na ule unene akauacha. Lenzi yake iliwashwa mwaka 1823 katika mnara wa taa wa Cordouan, Ufaransa. Baadaye lenzi ya namna hiyo ilitengenezwa kwa plastiki, bapa kama sahani. Mkifungua projekta ya ovahedi, ile ya kuwekea karatasi za plastiki, mtaiona chini ya kioo cha juu, na mtayaona yale matuta.

Hatua ya pili ni ovahedi ya mkoba. Ile ya kawaida ina taa chini, ndani ya sanduku. Katika ile ya mkoba, taa ilipandishwa juu karibu na lenzi ya mbele, na chini pakawekwa lenzi ya Fresnel iliyopakwa rangi ya kioo cha kujitazamia. Sasa angalieni: mwanga hushuka, hupita kwenye karatasi, hugonga bamba hilo, kisha hurudi juu ukiwa umekusanywa. Bamba moja limekuwa kioo, lenzi ya kukusanya na meza ya kuwekea karatasi. Sanduku halihitajiki tena, na mashine hukunjwa ikabebwa kwa mkono mmoja. Lakini ina gharama yake. Mwanga hupita karatasi mara 2, kwa hiyo maandishi mazito hufifisha picha zaidi. Karatasi isipolala vizuri, kila herufi huonekana kama ina kivuli.

Hatua ya tatu ni balbu ya haloji yenye kioo chake, kama zile za projekta za slaidi. Kioo hicho kina ngozi nyembamba inayorudisha mwanga mbele na kuliachia joto jingi lipite nyuma, likaondolewe na feni. Kwa hiyo kioo, ukusanyaji wa mwanga na uzuiaji wa joto viko ndani ya balbu moja. Hapa tunatoa onyo. Ziko balbu za umbo lile lile ambazo kioo chake ni cha aluminiamu, nazo hutupa joto lote mbele. Ukiweka hiyo kwa sababu ni ya bei nafuu, utachoma slaidi. Ile ya kweli, ukiigeuza kwenye mwanga, huonyesha rangi rangi kama mafuta juu ya maji.

Hatua ya nne ni hizi ndogo za siku hizi. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, alibuni chipu iliyojaa vioo vidogo kuliko upana wa unywele, kila kimoja kikiinama huku na huku. Projekta nyingi za chipu hiyo zilitumia taa nyeupe na gurudumu la rangi linalozunguka mbele yake. Zilipokuja taa za LED, nyekundu, kijani na buluu huwaka kwa zamu, upesi sana hata jicho linaziona kama picha moja. Taa na rangi zimekuwa kitu kimoja, na gurudumu na mota yake havihitajiki. Zile za bei ya chini kabisa, nyingi hutumia kidirisha kimoja cha LCD na lenzi ya Fresnel, ile ile ya matuta.

3. FAIDA NA HASARA

Fikirini panga. Hukata kuni, hufyeka, hata huchimba shimo la mche. Mama mwenye panga hana haja ya kubeba vyombo vitatu. Lakini likivunjika mpini, kazi zote tatu zimesimama. Projekta ndogo ni hivyo hivyo. Vipande vichache maana yake ni uzito mdogo na stima kidogo. Lakini kipande chenye kazi tatu kikiharibika, zote tatu zimekwenda, na mara nyingi fundi wa sokoni hana cha kubadilisha.

Wauzaji husema LED hudumu saa 20,000. Kwa saa 3 kila wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 100! Basi taa siyo itakayokufa kwanza. Kinachoua ni vumbi, feni iliyokwama, na stima inayopanda na kushuka.

Tusidhani basi kwamba ile ya zamani ndiyo salama. Kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na balbu zake ni za kutafutwa.

4. HESABU YA BETRI

Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600 (12 × 50). Ili isife mapema, tumieni nusu tu: 300.

Projekta ya slaidi yenye balbu ya wati 250: saa 1 na dakika chache (300 ÷ 250).
Projekta ya LED ya wati 50: saa 6 (300 ÷ 50).

Inveta nayo hula kidogo, kwa hiyo punguzeni. Kwa kijiji kisicho na stima, tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote.

5. KABLA YA KUTOA PESA

• Iwasheni dukani kwa saa nzima. Sikilizeni feni.
• Msiamini namba kubwa ya lumeni kwenye boksi. Ulizeni ANSI lumeni, kisha jioneeni wenyewe ukutani. Picha ikipanuliwa mara 2 kwa upana, mwanga hubaki robo.
• Ulizeni: taa, feni na chaja hubadilishwa? Wapi, na kwa shilingi ngapi? Iandikwe kwenye risiti.
• Wekeni akiba ya matengenezo tangu siku ya kwanza.
• Ifunikeni, na msiizime ghafla ikiwa feni bado inapoza taa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika vyombo vya nyumbani, ni kipi kina kazi zaidi ya moja? Kikiharibika, mnafanyaje?
2. Kikundi chetu kitaonyesha picha mara ngapi kwa mwezi? Je, inafaa kununua peke yetu, au kushirikiana na vikundi jirani?
3. Mtu mmoja akiwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kazi huenda haraka. Siku akihama, kikundi kinabaki na nini?