Kabla ya "Mwisho Ngapi?", Uliza "Mwisho Lini?"

Samsung Galaxy S23 Ultra ilipoingia sokoni Februari 2023, bei yake ya kuanzia huko Marekani ilikuwa dola 1,199. Kisha ikaja S24, ikaja S25, na ile iliyokuwa ya mabosi ikaanza kushuka bei hadi sisi wengine tukaanza kuikodolea macho madukani. Ukiiona Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, usikimbilie pochi. Pitia haya kwanza.

1. Hesabu miaka iliyobaki. S23 iliahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka mitano, yaani hadi mwanzoni mwa 2028. S24 iliahidiwa saba, hadi 2031. Sasa piga hesabu: tuseme simu moja ni shilingi 1,200,000 na imebakiwa na miaka miwili, nyingine ni 1,800,000 na ina mitano. Ya kwanza inakula 600,000 kwa mwaka, ya pili 360,000. Ipi ya bei rahisi hapo? Ndiyo maana "mwisho lini?" hutangulia "mwisho ngapi?"

2. Megapikseli 200 za S23 Ultra zisikutoe udenda. Kwa kawaida kamera hiyo huunganisha pikseli 16 kuwa moja, ikakupa picha ya megapikseli 12 hivi, yenye mwanga mzuri zaidi. Utamu wenyewe uko kwenye lenzi ya kuvuta mara 10. Mtoto yuko jukwaani kwenye mahafali, wewe umekaa kiti cha nyuma kabisa, na sura yake unaipata. Ijaribu palepale dukani: piga picha bango la ng'ambo ya barabara, kisha likuze usome maandishi.

3. Chagua nafasi ya kutosha tangu mwanzo. Simu hii haina tundu la memori kadi. Inaanzia GB 256, na hutaongeza hata moja baadaye. Kama unarekodi video za harusi kila Jumamosi, ongeza pesa uchukue GB 512.

4. Kioo ndicho roho ya simu. Kioo cha inchi 6.8 kikiharibika, punguzo lote linaishia kwa fundi. Kwenye Samsung bonyeza *#0*#, ufungue rangi moja moja: nyekundu, kijani, bluu. Tafuta mistari, madoa, au kivuli cha vitufe kilichoganda. Ukiwa humo humo, chomoa kalamu yake uchore kuanzia kona hadi kona.

5. Iulize betri umri wake. Kwa simu ya mtumba, hata ing'ae vipi, betri ndiyo hujua imetumika kiasi gani. iPhone hukuonyesha asilimia ya afya ya betri kwenye mipangilio. Ikishuka chini ya 80, weka gharama ya betri mpya kwenye bajeti yako. Kwa Samsung, fungua programu ya Samsung Members upime.

6. "Haiingii maji" ina masharti. Alama ya IP68 kwenye S23 Ultra ina maana ya mita 1.5 kwa dakika 30, tena maji baridi yasiyo na chumvi. Bahari haimo. Na kama fundi ameshaifungua akairudishia kwa gundi yake, hesabu kwamba kinga hiyo haipo tena.

7. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI itakayotokea na iliyo kwenye boksi, kisha kwa Tanzania itume kwenda 15090 uone kama ni halali. Chomeka laini yako, upige simu. iPhone 14 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kabisa tundu la laini; zinatumia eSIM tu. Hakikisha pia akaunti ya mwenye simu wa zamani imeondolewa, na kwamba si simu ya mkopo ambayo itajifunga wiki ijayo kwa sababu mtu mwingine hajalipa.

8. Winga, yule dalali wa mtaani, ni mwenzako hadi mlangoni. Atakuita "bosi", atakushika mkono, atakuonyesha njia, na chake kimo ndani ya bei unayotajiwa. Hakuna ubaya, ndiyo kazi yake. Lakini risiti idai dukani, iandikwe namba ya IMEI na muda wa dhamana. Kumbuka pia boksi la S23 Ultra huja na waya tu, bila kichwa cha chaji. Hapo ndipo "mwisho ngapi?" inapopata maana: bei mkishakubaliana, omba akuwekee na chaji ya wati 45 juu yake.