Chuo cha ufundi cha serikali au cha binafsi? Hesabu mikataba yako kabla ya kutuma ada



Somo la leo limetokana na ujumbe wa dada mmoja aliyeko Muscat, anafanya kazi za ndani. Kijana wake kamaliza kidato cha nne, kafaulu vizuri fizikia na hisabati, anataka uhandisi. Kaka mtu huko nyumbani Tanzania kampigia: "Tuma milioni moja na laki nne tumwandikishe chuo cha binafsi, cha serikali hatapata." Hela anayo, ni akiba ya zaidi ya miezi mitano. Anauliza atume au asubiri.

Nilimjibu asitume kwanza. Vyuo vya binafsi vizuri vipo, na vingine ndiyo chaguo sahihi. Ila ada ya mwaka wa kwanza ni kipande kidogo tu cha gharama. Chukua kalamu na karatasi tufuatane.

1. Anasomea kuwa nani?

Watu wengi tukisikia "uhandisi" tunawaza digrii. Njia zipo tatu. Ya kwanza ni ufundi stadi, kama VETA: umeme wa majumbani, uchomeleaji, ufundi magari. Ya pili ni stashahada, yaani diploma, ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne. Akimaliza ni fundi sanifu. Ya tatu ni shahada, miaka minne, na hapo ndipo anaanza safari ya kuitwa mhandisi kwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB.

Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kupita kidato cha tano na sita kisha shahada: miaka sita. Au apite diploma kwanza kisha shahada: miaka saba. Diploma inaongeza mwaka mmoja, lakini katikati ya safari mtoto anakuwa na cheti kinachoweza kumpatia kazi. Kwa sisi ambao mshahara unategemea mkataba, hilo ni jambo kubwa. Ukirudi nyumbani ghafla, mwenye diploma ana pa kushika. Aliyemaliza kidato cha sita peke yake bado hana fani.

2. Je, ni kweli cha serikali hatapata?

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Wanafunzi wa kidato cha nne hupangwa na TAMISEMI kwenda kidato cha tano au vyuo vya kati, kufuata machaguo waliyojaza. Matokeo yakishatoka, huwa kuna muda wa kubadili tahasusi na vyuo kwenye mfumo. Muda huo ni mfupi. Mzazi akiwa kazini mpaka saa nne usiku na mtoto hana bando, unapita hivi hivi.

Kwa nini ujali? Katika bajeti ya mwaka 2023/24 serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanafunzi wanaochaguliwa kujiunga na vyuo vya ufundi vya DIT (Dar es Salaam), MUST (Mbeya) na Chuo cha Ufundi Arusha, ATC. Kwa hiyo kabla ya kulipa popote, hakikisha mtoto amejaza machaguo yake na majina ya waliopangwa yametoka. Kama anaomba mwenyewe nje ya mgao wa serikali, aulize chuo kwa maandishi kama ada inamhusu au la. Usiende na maneno ya "nimesikia".

3. Linganisha gharama yote, usilinganishe ada peke yake

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kujifunzia, wewe weka za kwako. Dada anaweka riali 40 kwa mwezi kwa ajili ya shule. Tukisema riali moja ni shilingi 6,500, hiyo ni 260,000 kwa mwezi, au 3,120,000 kwa mwaka.

Chuo A, cha serikali, mkoa wa mbali, hakuna ada. Chumba na chakula 180,000 kwa miezi kumi ni 1,800,000. Vifaa, bima na michango 400,000. Jumla 2,200,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 6,600,000.

Chuo B, cha binafsi, mkoa wa mbali. Ada 1,400,000, chumba na chakula 1,800,000, vifaa na mengine 400,000. Jumla 3,600,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 10,800,000.

Chuo C, cha binafsi, mtoto anatokea nyumbani. Ada 1,400,000, nauli na chakula cha mchana 500,000, vifaa na mengine 400,000. Jumla 2,300,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 6,900,000.

Umeona? Chuo C kina ada na Chuo A hakina, lakini tofauti ni laki tatu tu kwa miaka yote mitatu. Na Chuo B, ambacho ndicho kaka mtu alikuwa anakitaka, kinazidi akiba ya dada. Miaka mitatu ataweka 9,360,000, atapungukiwa 1,440,000. Huo upungufu hautaonekana mwaka wa kwanza. Utakuja kuonekana mwaka wa mwisho, wakati vyuo vingi haviruhusu mwanafunzi mwenye deni kufanya mtihani. Hapo ndipo watu wanakopa kwa riba mbaya.

4. Hesabu mikataba

Mkataba wa kazi za ndani huko kwa kawaida ni miaka miwili. Diploma ni mkataba mmoja na nusu. Shahada ni mikataba miwili kamili, bila kuumwa, bila kubadilisha mwajiri, bila kurudi. Jiulize kwa ukweli: niko tayari kukaa muda huo? Kama jibu ni hapana, chagua chuo ambacho hela ya mkataba uliobaki inatosha, au anza na diploma.

Pia weka akiba ya muhula mmoja ambayo haiguswi. Riali ya Omani, dirhamu ya Emirati na riyal ya Saudia zote zimefungwa kwenye dola, lakini ada inalipwa kwa shilingi. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda kutoka karibu 2,700 kwa dola hadi karibu 2,400. Riali 40 zilizokuwa zinafika kama 280,000 zikawa zinafika kama 250,000. Mshahara haukupungua, ila ada ilizidi kuwa nzito.

5. Hakiki mwenyewe kwa simu yako

Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, vyuo vya kati na ufundi na NACTVET. Taasisi zote mbili zina tovuti. Usiishie kuangalia jina la chuo, tafuta na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na usajili lakini kozi fulani haina ithibati. Kwa shahada ya uhandisi, uliza pia kama ERB inaitambua.

Halafu mtume mtoto akaulize chuoni: karakana na maabara zinafanya kazi? Mafunzo kwa vitendo wanayapata wapi, na nani analipia? Ada inalipwa kwa awamu ngapi? Imepanda mara ngapi miaka ya karibuni? Chuo kizuri, cha serikali au cha binafsi, hakitakasirika kuulizwa.

Kwa shahada kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Wanafunzi wa vyuo vya binafsi vyenye ithibati nao wanaomba. Lakini mkopo unaweza usifunike ada yote, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka uishe. Usipange chuo ukitegemea mkopo ambao bado haujatoka.

Walioko Kenya, mantiki ni ile ile: udahili kupitia KUCCPS, mkopo HELB, na kwa uhandisi uliza kama kozi inatambuliwa na bodi ya wahandisi, EBK.

6. Lipa chuo, usilipe mtu

Vyuo vya serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoita kontroo namba. Akupigie picha ya barua ya kujiunga na hiyo namba, ulipe mwenyewe au umwombe ndugu alipie halafu akutumie risiti. Cha binafsi, lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, sio jina la mtu. Kaka asione unamdharau. Mwambie tu kwamba unaweka kumbukumbu za mtoto.

Yule dada alimpigia kijana wake usiku huo huo. Kumbe muda wa kubadili machaguo ulikuwa bado haujafungwa, na kijana alikuwa hajajaza chuo hata kimoja cha ufundi. Sasa amejaza, wanasubiri majina. Ile milioni moja na laki nne bado iko kwenye akaunti yake. Akikosa nafasi, itaenda Chuo C. Akipata, tayari ana zaidi ya nusu ya gharama za mwaka wa kwanza.

Wewe je, mkataba wako umebaki miezi mingapi? Iandike juu kabisa ya karatasi, kisha ndiyo uanze kutafuta chuo.