Mizani Haitoshi: Hesabu ya Nishati Katika Mwili wa Kondoo Anayekua

Kondoo wawili waweza kuwa na uzito sawa, ilhali mmoja amebeba akiba kubwa zaidi ya nishati kuliko mwenzake. Mizani haibagui baina ya nyama, mafuta na maji. Lawes na Gilbert wa Rothamsted, Uingereza, walilidhihirisha jambo hili katika taarifa yao ya mwaka 1859, baada ya kuchinja wanyama kadhaa na kuchanganua miili yao mizima. Kondoo ambaye hajanoneshwa alikuwa na mafuta karibu asilimia 19. Aliyenoneshwa kupita kiasi, karibu asilimia 46. Kadiri mafuta yalivyozidi, ndivyo maji yalivyopungua.

Gramu moja ya mafuta huhifadhi kilojuli zipatazo 39, na ya protini karibu 24. Lakini protini haikai peke yake. Robo tatu hivi ya nyama isiyo na mafuta ni maji. Kwa hiyo kilo moja ya nyama hiyo ina megajuli 5 hivi, na kilo ya mafuta matupu ina 39.

Kielelezo cha kihesabu huanza na nishati ya chakula inayosalia baada ya kutoa ile inayopotea katika kinyesi, mkojo na gesi ya methani. Sehemu ya kwanza hutumika kumweka mnyama hai. Gharama hiyo hulingana na uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Asiye na kikokotoo na atumie vipeuo vya pili: kipeuo cha 25 ni 5, na cha 5 ni 2.24, 5 × 2.24 = 11.2. Jibu hilo likizidishwa kwa megajuli 0.4, makadirio yanayofaa kwa kondoo, mwanakondoo wa kilo 25 ahitaji megajuli 4.5 kwa siku hata asipokua.

Na ichukuliwe kuwa apata megajuli 8.5. Zabaki 4. Kwa malisho mazuri, kiasi cha asilimia 45 ya hizo huhifadhiwa mwilini, yaani megajuli 1.8, nyingine hutoka kama joto. (Kwa majani makavu yaliyokomaa, kiwango hicho hushuka sana.) Ikiwa kila kilo ya ongezeko ina megajuli 10, kwa kuwa mnyama bado ajenga nyama na mifupa, ataongezeka gramu 180. Ikiwa ina megajuli 20, kwa kuwa ameanza kunona, ataongezeka gramu 90 tu, kwa chakula kile kile.

Hesabu hurudiwa siku hadi siku, uzito wa jana ukiwa msingi wa leo. Pagumu ni kukadiria mgawanyo wa ongezeko baina ya protini na mafuta, kwani hubadilika kwa umri, jinsia na koo. Majike hunona mapema kuliko madume. Kondoo wa Afrika Mashariki wenye mikia minono huweka sehemu ya akiba mkiani na kuitumia wakati wa kiangazi, hivyo tarakimu zilizopatikana kwa kondoo wa Ulaya hazina budi kujaribiwa kwao kwanza. Na mizani yenyewe hudanganya: kondoo aliyetoka kunywa maji huonekana amekua. Wanafunzi wanaopima kondoo wa shule wawapime asubuhi, kabla ya malisho na maji, saa ile ile kila juma.